UZI: Waliotufundisha soko huria wenyewe wameliacha, sisi wa mwaloni tunashika nini?

#1 Mleta mada

Wakuu mwadila, wa huku Mwanza na wa kote mliko, poleni na majukumu. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika vipande vipande toka Alhamisi, mwenye haraka apitilize ila mwenye muda naomba asome mpaka chini kwa sababu jambo lenyewe linanikaa rohoni.

Mimi nipo Kirumba mwaloni, pale samaki wa ziwa wanaposhushwa na kuuzwa, kazi yangu ni mabondo. Kwa wasiojua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio ndani ya tumbo la sangara, zamani tulikua tunautupa au anapewa paka, saivi kilo ya bondo inaizidi kilo ya minofu mara kadhaa, na karibu yote inaishia China na Hong Kong, wenzetu wanapika supu yake kwenye sherehe na wengine wanaiweka kama dawa.

Sasa Alhamisi saa moja asubuhi nimepeleka mzigo wangu kwa wakala. Anachukua bondo moja moja, analifungua, analiinua kwenye mwanga aone kama lina damu au limechanika, analiweka kwenye kale kamzani ka digitali kasikozidi ukubwa wa daftari, anasoma gramu, anatupa kwenye beseni lake kulingana na gredi. Mabeseni matatu. Akimaliza hakutajii bei, anatoa simu kwanza. Bosi wake yuko Dar, na bosi naye anasubiri meseji ya mtu wa huko. Tukakaa kama dakika kumi na tano hivi tunaangalia simu wote wawili, alafu akasema "bei imeshuka, kule wamepunguza oda". Nikamuuliza kule wapi? Akasema "kule bana". Hana jibu lingine na simlaumu, naye ni mtu wa kuambiwa tu.

Hilo neno "kule" ndo limenirudisha nyuma. Mwaka 1999 nilikua mdogo, maza alikua anauza mapanki Mabatini, yale mabaki ya sangara kichwa na mifupa baada ya kiwanda kutoa minofu, anakausha, anakaanga, tunasoma kwa hela hiyo. Mwaka ule Ulaya wakazuia samaki wa ziwa letu kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Maza hakuwahi kumuuzia Mzungu hata mnofu mmoja maishani mwake. Lakini viwanda vilipopunguza kazi mapanki nayo yakakosekana, ndoo yake ikakaa tupu, na alipoenda kuuliza kiwandani akaambiwa "kule wamefunga". Kule ya wakati ule ilikua Ulaya. Kule ya Alhamisi ni China. Ninachotaka tujadili ni hicho tu wakuu: kule kumehama, tena kumehama kweli kweli, ila hapa tulipo sisi je?

Tuanzie mbali kidogo ili tuelewane.

Ule mfumo ambao wasomi wetu kina Profesa Shivji wanauita uliberali mamboleo, na mtaani watu waliuita soko huria na wengine soko holela, haukushuka toka mbinguni. Kuna watu walikaa wakaufikiria miaka mingi, wachumi kina Hayek na Friedman, walianza kukutana mwaka 1947 pale Mont Pelerin Uswisi wakati hakuna aliyekua anawasikiliza. Ukajaribiwa Chile baada ya jeshi kupindua nchi mwaka 1973, ukaingia Uingereza na Thatcher 1979, Marekani na Reagan 1981. Maneno yake mnayajua kwa moyo: serikali itoe mkono kwenye biashara, mashirika ya umma yauzwe, ushuru wa forodha upungue, ruzuku ziondoke, fedha iingie na kutoka bila kizuizi, bei ipangwe na soko lenyewe. Mwaka 1989 mchumi mmoja anaitwa John Williamson akauorodhesha ukapewa jina la Makubaliano ya Washington, na mwaka 1995 likaanzishwa Shirika la Biashara Duniani, WTO, kusimamia.

Kwetu ulifika kupitia mlango wa madeni. Mwalimu Nyerere aligoma sana na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, mwenye umri anakumbuka, akang'atuka 1985 bila kusaini, mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akasaini na shilingi ikashushwa, ikaja ruksa, 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya Azimio la Arusha, 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitali, 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, alafu ubinafsishaji wa Mzee Mkapa.

Mzee wangu alikua fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha nguo hapa hapa mjini (sitakitaja jina). Miaka ya tisini kiwanda kikafa mikononi mwao. Kwanza zamu tatu zikawa mbili, alafu moja, alafu wakaambiwa pumzikeni nyumbani mtaitwa. Mafao yao wamezungushwa miaka na miaka, kuna wenzake wamekufa na faili mkononi. Na mpaka leo ukimpa shati la mtumba toka soko la Mlango Mmoja hatazami lebo, anachomoa uzi mmoja kwenye pindo, anausokota kwa vidole viwili, anauvuta mpaka ukatike, alafu anakuambia kama pamba yake ilikua ya nyuzi ndefu au fupi na kama mfumaji alikua na haraka. Ujuzi huo haukubinafsishwa, uliachwa ukae tu barazani.

Ntaendelea, mteja kafika.

#2

Mkuu uzi mzuri ila tusidanganyane, wewe hukuwepo miaka ya themanini. Mimi nilikuwepo, nilikua Nyakato. Tulipanga foleni ya sukari toka alfajiri, sabuni unakata kipande mnagawana nyumba mbili, dukani RTC, lile la serikali, kuna mafagio na majembe tu, 1983 watu wakakamatwa uhujumu uchumi wengine na mifuko miwili ya unga tu. Watu walivaa viraka. Mwinyi alipofungua milango tuliona mwanga na hakuna wa kuniambia vinginevyo. Kiwanda cha mzee wako kilikua kinakufa hata kabla ya IMF, vipuri hakuna, umeme wa mashaka, menejimenti ya vimemo. Na vyama vya ushirika, maana najua navyo utakuja kuvililia, Nyanza ya kina Bomani, ule ushirika wa wakulima wa pamba uliokua fahari ya Afrika nzima, haukuuawa na Mzungu, ulifutwa na serikali yetu wenyewe mwaka 1976.

#3 Mleta mada

Mzee wa #2 hapo juu shikamoo. Umesema kweli na sibishani hata neno moja, maza anasema hivyo hivyo kuhusu sabuni. Ushirika ulifutwa 1976 kwa amri ya ofisini, wakulima hawakuulizwa, na waliporudishiwa miaka ya themanini walirudishiwa jina, imani haikurudi. Kwahiyo sisemi turudi kwenye foleni.

Ninachosema ni kwamba tulipewa chaguo la vitu viwili tu, foleni au soko huria, na waliotupa chaguo hilo wenyewe walikua wanakula sahani ya tatu. Angalia pamba. Mkulima wa Kwimba na Magu aliambiwa ruzuku ni dhambi, inaharibu soko, akaachwa peke yake na bei ya dunia, na ile bei inayofuatwa dunia nzima inatolewa na kampuni moja ya Uingereza maeneo ya Liverpool. Wakati huo huo serikali ya Marekani inawamwagia wakulima wake wa pamba mabilioni ya dola wazalishe kwa wingi na bei ishuke. Nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka kilio WTO mwaka 2003, zikapewa maneno mazuri. Brazil ikafungua kesi na ikashinda, 2004 hukumu, 2005 rufaa ikashindwa. Mnajua Marekani ilifanya nini? Badala ya kuacha ruzuku ilikubali kuilipa Brazil, dola milioni 147 na ushee kwa mwaka kuanzia 2010, na 2014 ikamalizia na milioni 300. Yaani alinunua ruhusa ya kuendelea. Brazil ilikua na nguvu ya kulipiza kisasi ndo maana ikalipwa. Mkulima wa Magu alipiza kwa kitu gani?

Na mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipungue taratibu mpaka iishe ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika serikalini kwao, ukaja ujumbe kwamba mtatolewa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, sisi na Uganda tukafuata, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA. Soko huria lilikua na mwenyewe wakuu, muda wote. Tuliambiwa mzani hauna mkono wa mtu.

#4

Mkuu kichwa cha uzi ni kama unasema huo uliberali mamboleo umekufa, umekufa wapi? IMF wapo hapa hapa, 2022 tumepewa mpango wa takriban dola bilioni moja, 2024 tukaongezewa ule wa tabianchi milioni mia saba na kitu. Kodi zinaongezeka, tozo zinaongezeka, masharti yapo. Huu uzi ni matumaini.

#5 Mleta mada

Hujakosea mkuu. Niseme vizuri basi: aliyekufa ni mahubiri, wahubiri wapo na madaftari yao ya madeni wanayo. Ila mtu akiacha kuamini anachokuhubiria, hata namna anavyokudai inabadilika, na hapo ndo penye nafasi yetu.

Imani ilianza kupasuka Septemba 2008. Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka tarehe 15, ndani ya wiki chache serikali ya Marekani, ile ile iliyotuambia shirika likishindwa liache life, ikatenga dola bilioni 700 kuokoa mabenki yake. Mzee wangu aliisikia redioni, akauliza swali moja tu: kumbe inawezekana? Sijalisahau swali lile. Kiwanda chake kilihitaji vipuri.

Alafu 2016 wachumi watatu wa IMF yenyewe wakaandika kwenye jarida la IMF yenyewe kwamba uliberali mamboleo ulisifiwa kupita kiasi, kwamba kufungua milango ya fedha hovyo na kubana matumizi kumeongeza pengo la walionacho na wasionacho. Watatu tu kati ya wengi, ndio, lakini mimi nilitamani kuipeleka ile makala kwa wenzake mzee waliobaki.

Tena 2018 Trump akaweka ushuru asilimia 25 kwenye chuma na 10 kwenye alumini. Tukasema ni yeye tu. Akaja Biden, wa chama kingine kabisa, hakurudi kwenye soko huria, 2022 akapitisha sheria za kumwaga mabilioni kwa viwanda vya chipu za kompyuta na nishati ndani ya Marekani, ruzuku waziwazi. Trump akarudi, tarehe 2 Aprili 2025 akatangaza ushuru kwa karibu dunia nzima, sisi tukaangukia kwenye asilimia 10. Na ile mahakama ya rufaa ya WTO, pale ambapo Brazil ilishinda, haifanyi kazi toka Desemba 2019 kwa sababu Marekani imekataa majaji wapya wateuliwe. Nikisema mwenye nyumba kaiacha nyumba yake simaanishi kitu kingine.

#6

Nawasalimu kutoka Kisumu. Sisi huku mambo ni yale yale tu. Wewe unalia na mabondo, sisi tunauziwa samaki wa China hapa hapa ufuoni, ngege (nyie mnaita sato) ya frizi inatoka huko mbali inafika ikiwa bei rahisi kuliko ile ya ziwa letu. 2018 Rais Uhuru alisema ipigwe marufuku, haikukaa. Mamangu ana kibanda, anakaanga hizo za China kwa sababu mteja hana pesa ya zile za ziwa, na ziwa analiona hapo, mita mia tatu. Hii kitu inaniuma sana.

#7 Mleta mada

Ndugu yangu wa Kisumu pole sana, na asante, hiyo picha ya mama yako na kibanda chake inatosha kuwa uzi peke yake. Huku sisi samaki wa nje wamebanwa lakini vitu vingine vyote vimeingia. Angalieni mtumbwi wa dagaa tu. Taa zamani ilikua karabai ya mafuta ya taa, saivi ni taa za sola na betri za China. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, zinakatazwa kila siku, zinatoka huko huko. Bodaboda anayebeba ndoo za dagaa kutoka mwaloni anaendesha Boxer au TVS ya India, au ya China, hata jina la "toyo" tulilozoea ni la pikipiki zilizotoka Asia. Sioni cha Magharibi kwenye mtumbwi ule, injini yenyewe mara nyingi Yamaha ya Japani.

Na sio vitu vidogo tu. Juni 2025 tumefunguliwa daraja la Kigongo Busisi, kilometa tatu juu ya maji, pesa za serikali yetu na wakandarasi wa China. Reli ya Mwanza Isaka, kilometa 341, Wachina. Kipande cha Dar mpaka Makutupora Waturuki. Nani aliwaza miaka ya tisini kwamba Mturuki atajenga reli yetu?

Hiyo ndo nguvu kuhama wakuu. China ilianza mageuzi yake 1978 na haikufuata ile orodha ya Washington. Ilifungua soko ndio lakini benki zikabaki za serikali, ardhi ya serikali, mwekezaji wa nje analazimishwa kuingia ubia na kufundisha kazi, sarafu yake inashikiliwa. 2001 ikaingia WTO, na saivi karibu asilimia 30 ya bidhaa za viwandani duniani zinatengenezwa pale. Ukipima uchumi kwa uwezo wa kununua iliipita Marekani kama mwaka 2014. Waliofuata orodha kwa utiifu, sisi tukiwemo, ndo tunauza bondo bichi.

#8

BRICS ndo jibu, ule umoja wa kina Brazil, Urusi, India na China. Wameanza hao wanne 2009, wameingia Afrika Kusini, 2024 Misri, Ethiopia, Iran, Emirates, 2025 Indonesia. Wana benki yao Shanghai. Dola inakufa wakuu, jiungeni na hilo basi mapema.

#9 Mleta mada

Mkuu punguza spidi. Dola haijafa, mimi wakala wangu anapiga hesabu zake kwa dola mpaka leo hata kama ananilipa shilingi. Inapungua, hilo kweli, mwaka 2000 ilikua kama asilimia 70 ya akiba za benki kuu duniani, saivi iko chini ya 60. Na 2022 nchi za Magharibi zilipozuia akiba ya Urusi ya karibu dola bilioni 300 kila benki kuu ilijiuliza, je siku wakinikasirikia mimi? Ndo moja ya sababu watu wamekimbilia dhahabu mpaka Oktoba 2025 wakia moja ikavuka dola 4,000.

Hapo kwenye dhahabu ndo naomba tukae kidogo, kwa sababu Kanda ya Ziwa tumeikalia. Toka mwisho wa miaka ya tisini tuliambiwa mchanga wenye dhahabu unaondoka na makontena, mirabaha asilimia chache, shukuruni. 2017 sheria zikabadilishwa, 2019 tukakubaliana na Barrick, kampuni ya Canada yenye migodi, serikali ipate hisa asilimia 16 kwenye migodi, masoko ya dhahabu yakafunguliwa mikoani, Geita wa kwanza, 2021 kikafunguliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa hapa Mwanza na STAMICO, shirika la madini la serikali, ina hisa humo, alafu ikaja kanuni kwamba wauzaji nje watenge angalau asilimia 20 isafishwe nchini na Benki Kuu yetu, BoT, inanunua. Mimi sio mtu wa kuisifia serikali, walio na kumbukumbu za humu wananijua. Ila hili naliona kwa macho, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu kule Geita anapeleka gramu zake sokoni anakuta bei ya siku ubaoni, imeandikwa, kwa shilingi. Mzani upo mezani na anauona. Ingekua miaka ya tisini tungeambiwa hatua zote hizi ni kuingilia soko.

Kwahiyo BRICS sawa, tuangalie. Lakini ukihama kutoka kwa mnunuzi mmoja kwenda kwa mwingine na bado unauza kitu kibichi, umebadilisha tu jina la kule. China toka Desemba 2024 imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zenye uhusiano nayo, sisi tumo, na 2025 ikasema itapanua kwa karibu Afrika yote. Mlango uko wazi. Tunaupitisha nini?

#10

Mimi ni mkulima Ngudu, nimesoma yote. Kwetu msimu ukifungua unapeleka pamba AMCOS, chama cha ushirika cha kijijini, unapimwa, unaandikiwa kikaratasi. Jirani yangu aliweka mchanga kwenye furushi lake la pamba ili kilo ziongezeke, akakamatwa akaaibishwa mbele za watu. Mimi nilimwonea huruma japo alikosea. Maana msimu mwingine bei inatangazwa pungufu ya ile tuliyopalilia nayo na hakuna anayekamatwa. Mleta mada uliposema mzani umenigusa. Pia mbegu na dawa tunakopeshwa, tunakatwa kwenye malipo. Nguo niliyovaa sasa hivi naandika ni ya mtumba, pamba ni yangu labda, nani ajuaye.

#11

Mchina ni mkoloni mwingine tu, mtajuta. Bora Mzungu alikua na NGO.

#12 Mleta mada

Wa Ngudu, nimesoma yako mara tatu. Asante kwa kusema la jirani bila kumficha wala kumsulubu.

Mkuu wa #11, hizo NGO ndo tumeona 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilivyofungwa ndani ya miezi michache, kliniki zilizokua zinategemea zikaachwa na wahudumu wanaulizana kesho nani analipa. Mtu aliyekulisha kwa hiari yake ataacha kwa hiari yake. Na Mchina sio malaika, anakuja kwa faida na hafichi, mkopo wake unalipwa kama mkopo mwingine, Zambia iliposhindwa kulipa 2020 ilikaa mezani na wote, Wachina na Wazungu, miaka. Ila mkoloni alikuja na bunduki na sisi hatukua na serikali. Saivi tunayo. Mwaka 2025 serikali imezuia wageni kufanya biashara 15, ikiwemo kununua mazao shambani na uchimbaji mdogo. Kama hiyo amri itasimamiwa au itageuka kitega uchumi cha wakaguzi, hilo ni letu, tusimtafute Mchina hapo.

Na hapa ndo nataka nifike. Miaka arobaini tuliambiwa hamruhusiwi: kulinda kiwanda, kukopesha mkulima, kupanga bei, kumlazimisha mwekezaji afundishe vijana. Saivi Marekani inafanya, Ulaya inafanya, China haikuacha kufanya. Hakuna tena wa kutuzuia kwa hoja. Kwahiyo kama bondo linaondoka bichi, pamba inaondoka robota na dagaa wanaondoka kwenye gunia, kisingizio cha Washington kimetuishia. Kinachonitisha mimi ni hiki, kwamba mlango utakaa wazi miaka michache, wakubwa wamalize kugombana wapange sheria mpya, na sisi tukute tumeandikwa tena kwenye mstari wa wauza vibichi.

#13

Sawa mkuu, ila wewe binafsi unafanya nini? Maneno tumezoea.

#14 Mleta mada

Swali la haki.

Tuko wanane hapa Kirumba. Toka mwezi uliopita tumenunua mzani wetu wenyewe, wa gramu, tumeupeleka kwa Wakala wa Vipimo wa serikali umekaguliwa. Kila mtu akitoka kwa wavuvi tunapima kwetu kwanza, tunapanga gredi wenyewe, tunaandika kwenye daftari. Tukienda kwa wakala wa mabondo tunaenda na daftari. Siku ya kwanza mabondo kumi na moja tuliyoandika gredi ya juu yeye aliyatupa beseni la kati. Tukamwomba ayainue tena kwenye mwanga mbele yetu, moja moja, akarudisha tisa. Mawili kweli yalikua na mchaniko, tulikosea sisi.

Hatua inayofuata ni kukausha. Bondo kavu linakaa, halikulazimishi kuuza siku ile ile, unaweza kusubiri bei. Tumeanza na chanja za waya juu, neti chini na juu nzi wasiingie. Mvua za wiki jana zimetuharibia mzigo, yakabadilika rangi, hasara tumegawana. Tunahitaji kikaushio cha jua chenye paa.

Mzee wangu ndo amechora ramani yake. Amekaa barazani siku mbili na kipande cha boksi na penseli, anasema tatizo letu tumeweka hewa iingie na kutokea upande mmoja, kiwandani kwao vyumba vya kukaushia uzi vilikua na tundu la chini upande huu na la juu upande ule. Jana jioni alishuka mwaloni mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mkongojo wake, akashika bondo kavu kwa vidole viwili akalivuta kama anavyovuta uzi, akasema hili bado lina maji katikati, msiliuze.

Tunapiga misumari Jumamosi saa mbili asubuhi, nyuma ya kituo cha mafuta, njia ya kushukia mwaloni. Aliye na mabati mawili matatu yaliyotumika aje nayo. Na yule wa Kisumu, nitumie pm, nataka kujua nyie huko mabondo mnamuuzia nani na mnapewa bei gani siku moja na sisi, tulinganishe madaftari.